Kutoa, Kupa na Kupokezana: Kitenzi cha Kiswahili katika Nadharia ya Asidi na Besi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa nomino. Wataalamu wameulizana kama ifaavyo ni kusema asidi au tindikali, besi au alkali, na kama jina geni litoholewe au lisanifiwe upya kwa mizizi ya Kibantu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, orodha kadha wa kadha za istilahi zimetolewa. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama ilivyoitwa wakati huo, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, wala haifai kubezwa. Hata hivyo orodha ya majina haielezi jambo. Kinachoeleza ni sentensi, na moyo wa sentensi ya Kiswahili ni kitenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja tu wa kemia, kwamba nomino inaweza kuwa imekubalika na kila mtu, na maelezo yakabaki yamepotoka kwa sababu ya kitenzi kilichochaguliwa bila kufikiriwa.

Mfano wenyewe ni fasili ya asidi na besi. Tafsiri iliyo nyepesi kumjia mtu ni hii: asidi ni kitu kinachotoa protoni, na besi ni kitu kinachopokea protoni. Sentensi hii haina kosa la sarufi, na nomino zake zote zinajulikana. Lakini ukiilinganisha na jambo linalotendeka ndani ya bilauri ya maji, utaona kwamba imesema nusu tu ya lililokusudiwa, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba nadharia.

Kutoka kitu hadi tendo

Ili kulielewa kosa hilo, yafaa kwanza ikumbukwe safari ya wazo lenyewe. Kwa muda mrefu wanakemia walitafuta kitu fulani ndani ya asidi ambacho ndicho kiini cha uasidi wake. Mfaransa Antoine Lavoisier, katika karne ya 18, aliamini kwamba kitu hicho ni oksijeni. Jina lenyewe la oksijeni, lililotungwa kwa mizizi ya Kigiriki, maana yake ni kizaa-asidi. Jina likadumu, lakini dhana ikaanguka. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba klorini ni elementi, na kwa hiyo asidi hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Mwaka 1838 Mjerumani Justus von Liebig alielekeza macho kwa hidrojeni, ile inayoweza kuondolewa na metali ikashika mahali pake. Kisha Svante Arrhenius wa Uswidi, aliyewasilisha tasnifu yake mwaka 1884 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafundisha kwamba asidi ni kitu kinachozaa ioni za hidrojeni kinapoyeyuka katika maji, na besi ni kile kinachozaa ioni za hidroksidi.

Fundisho la Arrhenius lilieleza mengi, lakini lilikwama penye amonia. Molekuli ya amonia haina hidroksidi ya kuzaa, na bado yafanya kazi ya besi. Zaidi ya hayo, gesi ya amonia ikikutana hewani na gesi ya kloridi ya hidrojeni, moshi mweupe hutokea hapo hapo: ni vumbi la chumvi, kloridi ya amoni. Asidi na besi zimekwisha kukutana na kumalizana, wala hapana tone la maji lililohitajika.

Mwaka 1923, Johannes Nicolaus Brønsted mjini Copenhagen na Thomas Martin Lowry huko Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, waliliweka jambo hili upya. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Ikipokonywa elektroni yake hubaki protoni tupu. Kwa mujibu wa nadharia yao, asidi na besi zinapokutana kinachotendeka ni kimoja tu: protoni inahama kutoka asidi kwenda kwa besi. Uasidi basi si kitu kilichofichwa ndani ya asidi, kama ladha ndani ya tunda. Ni nafasi katika tendo. Nadharia iliyoanza na nomino ilifika mwishowe kwenye kitenzi.

Kutoa si kupa

Hapa ndipo Kiswahili kinapopaswa kuulizwa kina nini cha kusema. Kitenzi toa hakimdai mpokeaji. Mtu hutoa jasho, mti hutoa utomvu, jiko hutoa moshi. Hakuna anayeuliza moshi umepewa nani. Ndiyo kusema kwamba fasili ya asidi kuwa kitu kinachotoa protoni humruhusu msomaji kuona protoni ikifuka kutoka katika asidi na kuelea majini peke yake, kama moshi juu ya paa.

Jambo hilo halitokei. Protoni ni kiini kitupu, kidogo kuliko atomu kwa maelfu ya mara, na chaji yake yote imesongamana mahali padogo mno. Kitu kama hicho hakiwezi kukaa majini bila kushikwa. Punde tu inapotoka katika asidi, na kwa hakika kabla haijatoka kabisa, imekwisha kamatwa na molekuli ya maji, ikawa sehemu ya ioni ya hidroniamu. Brønsted mwenyewe aliandika mlinganyo wenye asidi upande mmoja, na besi pamoja na ioni ya hidrojeni upande wa pili; lakini mlinganyo huo ni nusu ya tendo iliyotengwa kwa ajili ya kufikiri. Katika kimiminiko, nusu hiyo haitendeki bila ya nusu nyingine. Pasipo wa kupokea, hapana utoaji.

Kiswahili kina kitenzi ambacho sarufi yake inasema hivyo hivyo, nacho ni pa. Mwanafunzi wa lugha anajua kwamba kitenzi hiki hakitumiki bila kiambishi cha mtendewa. Husemwa nilimpa kitabu. Haisemwi nilipa kitabu, isipokuwa kwa kukosea. Vitenzi vingine vya silabi moja, kama la na nywa, hubeba ku katika nyakati kadha, tukapata anakula na anakunywa. Kitenzi pa hakiibebi, kwa sababu mahali pake daima pamekaliwa na mpewa. Kwa hiyo anayesema kwa kitenzi hiki hulazimika kumtaja anayepokea: asidi huipa amonia protoni, asidi huyapa maji protoni. Kiambishi i cha amonia na ya cha maji si mapambo ya upatanisho wa kisarufi tu. Ndivyo vinavyobeba sharti la nadharia.

Umbo la kutendwa linathibitisha. Toa likigeuzwa, kinachotawala sentensi ni kile kilichotolewa: protoni imetolewa. Pa likigeuzwa, anayetawala ni mpewa: maji yamepewa protoni. Besi, ambayo katika fasili ya kwanza ilikuja mwishoni kama mgeni aliyechelewa, sasa inakuwa mhusika kamili. Fasili iliyo aminifu kwa nadharia ya mwaka 1923 ingekuwa basi hii: asidi ni kitu kinachokipa kingine protoni, na besi ni kile kinachopewa. Hakuna istilahi mpya hapa. Kilichobadilika ni kitenzi, na mpokeaji aliyekuwa amesahauliwa amerudishwa.

Huenda ikapingwa kwamba Kiingereza kimeridhika na nomino mbili, ya mtoaji na ya mpokeaji, na kwamba Kiswahili nacho kingeziunda kwa mfano wa kipaza sauti na kinasa sauti. Jaribio hilo lina matata yake. Kipaji kimekwisha kuwa jina la kipawa cha mtu. Mpaji humwelekea Mwenyezi Mungu. Na kipa amesimama golini tangu zamani. Lakini hata kama nomino nzuri ingepatikana, ingerudisha ugonjwa ule ule. Nomino hukifanya kitu kionekane kuwa hivyo siku zote.

Maji, mjomba na mpwa

Na asidi haiwi asidi siku zote. Maji yakikutana na kloridi ya hidrojeni hupewa protoni, na hapo ni besi. Maji hayo hayo yakikutana na amonia huipa protoni, na hapo ni asidi. Hata yakiwa peke yake hupeana: katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwa kila molekuli milioni 550 hivi za maji safi, moja imekwisha kumpa mwenzake protoni. Mfano ulio mkali zaidi ni wa asidi nitriki. Ikichanganywa na asidi sulfuriki, kama ifanywavyo katika utengenezaji wa baruti na rangi, asidi nitriki ndiyo inayopewa. Jina lake lasema asidi. Kazi yake pale ni ya besi.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba asidi ni aina ya vitu, kama vile ng'ombe ni aina ya mnyama, huliona jambo hili kuwa kituko. Lakini Kiswahili kina nomino za namna nyingine, nazo ni nomino za ujamaa. Hapana mtu aliye mjomba peke yake. Ni mjomba wa fulani, na kwa mtu mwingine yeye huyo ni mpwa, wala hakuna anayeona kinyume katika hilo. Asidi na besi ni majina ya jinsi hiyo. Na kama vile mjomba asivyokuwapo bila mpwa, kila asidi ikishatoa protoni yake huacha nyuma besi iliyo jozi yake, nayo besi iliyopewa hugeuka kuwa asidi. Asidi asetiki ya siki, ikiisha kuyapa maji protoni, huacha ioni ya asetati. Na asetati hiyo ina uwezo wa kuipokea protoni tena. Kwa hiyo tendo huenda na kurudi. Msawazo wa kemia si kusimama kwa tendo bali ni kupeana na kurudishiana kusikokoma, mwendo wa pande mbili ukiwa sawa.

Inapasa hapa kutolewa tahadhari kwa wasomi wa Kenya hasa. Katika mazungumzo ya kila siku ya Nairobi, peana limeanza kupoteza utendano wake. Husikika mtu akisema amepeana kitabu, na maana yake ni kwamba amekitoa tu. Matumizi hayo yana haki yake barazani na sokoni. Yakiingia katika kitabu cha kemia yatatunyang'anya kauli iliyokuwa inafaa kuliko zote kuueleza msawazo.

Mzigo wa neno kali

Kasoro ya pili iko katika kivumishi. Tindikali, vyovyote liwavyo chimbuko lake, humfanya msikilizaji asikie kali ndani yake. Na kali ni neno lenye kazi nyingi mno. Ndimu ni kali, kisu ni kikali, jua ni kali, mwalimu ni mkali, na chai yenye majani mengi ni kali vilevile. Kemia hutaka mambo mawili yatengwe ambayo neno hili huyafunga kitita kimoja: nguvu ya asidi, yaani wepesi wake wa kuachia protoni, na ukolezi wake, yaani wingi wake katika maji.

Asidi hidrokloriki, hata ikiwa kidogo sana katika ndoo ya maji, imekwisha kuyapa maji karibu protoni zake zote. Asidi asetiki ni ya tabia nyingine: katika mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita, ni molekuli 13 hivi tu katika kila 1000 zilizotoa protoni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya maabara, lakini yaupambanua ukolezi na nguvu vizuri kuliko kivumishi kali. Asidi iliyo nyingi si lazima iwe yenye moyo wa kutoa, na yenye moyo huo si lazima iwe nyingi.

Lugha ina maneno ya kutosha ya kutenganisha mambo hayo. Chumvi hukolea katika mchuzi, na maji ya moto huzimuliwa kwa baridi. Basi kuna asidi iliyokolea na asidi iliyozimuliwa, hilo ni la wingi. Na kuna asidi yenye nguvu na asidi dhaifu, hilo ni la moyo. Si suala la urembo wa lugha. Asidi hidrofloriki ni dhaifu kwa kipimo cha wanakemia, kwa maana haiachii protoni zake kwa wepesi katika maji. Lakini hupenya ngozi, ikashika kalsiamu ya mwili, na kuudhuru hata mfupa. Anayedhani kwamba kinyume cha kali ni kutokuwa na hatari anaweza kulipa kwa mkono wake.

Ushahidi wa jikoni

Nadharia hii haikai mbali na msemaji wa Kiswahili. Alkali ni neno la Kiarabu lililotokana na majivu ya mimea ya mahali penye chumvi, na maji yaliyochujwa katika majivu yametumika jikoni kulainisha mboga katika sehemu za magharibi ya Kenya. Magadi ya Ziwa Magadi, ambayo hutiwa katika maharagwe yaive upesi, yana ioni mbili zilizokaa pamoja: kaboneti na bikaboneti. Kamulia ndimu juu ya magadi, na povu litapanda. Asidi ya ndimu imeipa kaboneti protoni moja, ikawa bikaboneti. Imeipa ya pili, ikawa asidi kaboniki, ambayo huvunjika kuwa maji na gesi ya dioksidi ya kaboni. Bikaboneti imesimama katikati ya safari hiyo. Ikipewa huwa besi, ikitoa huwa asidi. Ni mjomba na mpwa katika punje moja ya magadi. Mwalimu mwenye kipande cha magadi, ndimu, na kitenzi pa ana somo zima mkononi.

Kupokezana zamu

Kuna tendo moja ambapo Kiswahili kinaonekana kuwa na neno lililokuwa likingoja kazi. Majaribio yanaonyesha kwamba, kwa nguvu ile ile ya umeme, protoni husafiri majini kwa kasi iliyo kama mara saba ya ioni ya sodiamu. Jambo hili lingekuwa la ajabu kama protoni ingelazimika kujipenyeza yenyewe kati ya molekuli. Fununu ya jibu ilitolewa mwaka 1806 na Theodor Grotthuss, aliyefikiri kwamba mabadiliko hupita majini kwa mnyororo wa molekuli, kila moja ikibadilishana na jirani yake. Kwa maarifa ya leo, molekuli yenye protoni ya ziada humpa jirani protoni moja. Jirani naye humpa aliye mbele yake protoni nyingine, ile aliyokuwa nayo tangu awali. Na hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari.

Toa haliwezi kulieleza hilo, wala pa peke yake halitoshi. Pokea likazaa pokeza, na pokeza likazaa pokezana: kupokea, kumfanya mwingine apokee, na wote kutendeana hivyo mmoja baada ya mwingine. Mtu angeweza kuufikiria mfano wa vijiti vya wakimbiaji, lakini mfano huo unapungua, maana kijiti kinachofika mwisho ni kile kile kilichoanza, hali protoni inayofika si ile iliyoondoka. Matumizi yaliyo sahihi zaidi ni ya walinzi wa usiku, wanaosemwa kuwa wanapokezana zamu. Zamu si kitu kinachoshikika. Ni hali ya kuwa na mzigo, nayo ndiyo inayohama. Molekuli za maji hupokezana zamu ya kuwa hidroniamu. Na sentensi hiyo inajitosheleza bila istilahi yoyote iliyoundwa na kamati.

Mipaka ya hoja

Haingekuwa haki kukisifu kitenzi pa bila kutaja upungufu wake. Kwanza, humpa asidi utashi wote, ilhali besi pia huvuta. Nguvu ya asidi haipimwi peke yake. Hupimwa dhidi ya besi inayoigombea protoni ile ile. Penye hidroksidi, pokonya pengine lingekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko pokea, na gombea linalifaa shindano la besi mbili kuliko yote. Pili, mwaka huo huo wa 1923 Mmarekani Gilbert Newton Lewis alipendekeza fasili pana zaidi, isiyotegemea protoni. Kwake yeye, asidi ni ile inayopewa jozi ya elektroni na besi ndiyo inayoitoa. Hapo mpaji na mpewa wamebadilishana viti, na mwalimu asiyesema wazi ni kitu gani kinachopewa atawavuruga wanafunzi wake. Lakini upungufu huo nao unaithibitisha hoja ya msingi: kila nadharia huomba kitenzi chake, na anayetafsiri hana budi kuuliza nani anampa nani nini kabla hajauliza jina.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na somo la kemia katika shule za sekondari za Kenya limeendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Hoja ya kwamba Kiswahili hakijawa tayari kwa sayansi hutajwa mara kwa mara, na ushahidi unaoletwa aghalabu ni upungufu wa nomino. Nomino hukopeka, asidi, besi na protoni zote zimekopwa, na Kiingereza chenyewe kilizikopa kutoka Kilatini na Kigiriki. Kisichokopeka ni mfumo wa kitenzi, na huo Kiswahili kinao. Idara za lugha zikikaa na walimu wa kemia kuandika upya fasili kumi za msingi, kitenzi kwa kitenzi, zitakuwa zimefanya kazi ambayo orodha ya maneno elfu haijaifanya bado.